Ndimu kwanza, chai baadaye

Msikilizaji, jioni Michenzani, Zanzibar, barazani chini ya maghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, chai haikosekani: iliki, mdalasini, tangawizi, na sukari vijiko vitatu kwa kikombe. Siku hizi wapo wanaohamia chai ya kijani. Huo si mti mwingine. Ni jani lile lile la chai, ila hupashwa moto mapema kabla halijageuka jeusi.

Ina faida zake, lakini si dawa. Na ukiitia sukari ile ile, umefanya nini? Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe viwili tu vya barazani vishazimaliza.

Siha yenyewe imo chunguni: mchicha, choroko, kisamvu. Humo mna madini ya chuma, lakini chai, iwe ya kijani au nyeusi, huuzuia mwili kuyapata ukiinywa pamoja na chakula. Basi kamulia ndimu mchicha wako, iusaidie mwili kuyapata madini hayo, ule, ungoje kama saa nzima, ndipo uteremke barazani. Chai haikimbii.