Nani Alinunua Mafuta ya Mjane Yule?

Neno la msingi: 2 Wafalme 4:1-7

Kama Biblia iko karibu, fungua pamoja nasi 2 Wafalme sura ya 4, mstari wa 1 mpaka wa 7. Wengi wetu tunaijua habari hii tangu tulipokuwa watoto wa ECODIM.

Mwanamke mmoja alifiwa na mume wake. Mume huyo alikuwa mtu wa Mungu, mwenye kumcha Bwana, lakini aliacha deni. Mdai akaja kuchukua watoto wawili wa yule mama wawe watumwa wake. Mama akamlilia nabii Elisha. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu, ila chupa moja ya mafuta. Nabii akamtuma kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Akaingia na watoto wake, akafunga mlango, akamimina. Mafuta yakajaza chombo baada ya chombo, mpaka vyombo vikaisha.

Wapenzi, mara nyingi tunapohubiri habari hii tunasimama hapo mafuta yaliposimama. Tunapiga vigelegele, tunasema Amina, tunarudi nyumbani. Lakini kuna mstari wa 7. Elisha anamwambia mama yule aende akauze mafuta, alipe deni, na kwa kile kitakachobaki aishi yeye na watoto wake. Akauze! Basi leo tunawauliza swali moja, nasi tumejiuliza wenyewe kwanza: alimwuzia nani?

Biblia haitupi jina la mnunuzi hata mmoja. Lakini wanunuzi walikuwepo. Walikuwa watu wa mji ule ule, pengine wale wale walioazima vyombo. Mungu alijaza mafuta, lakini hakuyanunua. Kazi hiyo aliwaachia watu. Na kama watu wale wangechukua mafuta na kusema, "Mama, andika, tutakuja kulipa," mdai angerudi kesho yake na kuwachukua watoto, hata kama nyumba ilijaa muujiza.

Sasa tuseme ukweli mbele za Mungu, maana hukumu inaanza katika nyumba yake.

Katika kanisa letu kulikuwa na mama mmoja mjane. Jina lake hatutalitaja, yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Alikimbia kijiji chake upande wa Beni kwa sababu ya mauaji, kama familia nyingi tangu mwaka 2014. Alifika mjini na watoto wanne. Akaanza kuuza mafuta ya mawese, kwanza kwa chupa, halafu kwa bidoni, katika kibanda kidogo karibu na kanisa. Sisi viongozi tulikwenda kukiombea kibanda kile. Tuliweka mikono juu ya milango, tukakataa roho ya hasara, tukatangaza baraka. Alilia kwa furaha siku ile.

Baada ya mwaka mmoja na kitu, kibanda kilifungwa. Tukamtembelea, tukamwombea tena, tukapitisha kikapu siku ya Jumapili, tukampelekea mchango. Akapokea kwa heshima, akashukuru. Halafu akatoa kaye ya madeni, akaiweka juu ya meza bila kusema neno.

Tulisoma majina. Kulikuwa na jina la shemasi, na la mwimbaji wa kwaya, na la mke wa mzee wa kanisa. Kulikuwa na jina la mmoja wetu aliyeweka mikono juu ya mlango ule. Tulipojumlisha, tuliona kwamba mchango tuliomletea kama sadaka haukufika hata nusu ya kile tulichokuwa tunadaiwa. Tulikuwa tumemletea sehemu ya pesa zake mwenyewe, tukaziita msaada.

Ndugu na dada, sisi tuliikataa roho ya hasara, kumbe hasara ilikuwa imeandikwa kwa majina yetu.

Jambo la kwanza: tufahamu namna deni linavyoua biashara ndogo.

Pengine unasema, "Bidoni moja tu, itamfanya nini?" Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano rahisi. Mama ananunua bidoni 10, kila moja kwa dola 20. Ametoa dola 200. Anauza kila moja dola 22. Kama wote wanalipa, anapata dola 220, na faida yake ni dola 20. Kwa faida hiyo anakula, analipa kodi ya kibanda, anatafuta pesa ya shule. Sasa mtu mmoja tu anachukua bidoni moja na halipi. Mama anapata dola 198. Faida ya bidoni zote tisa imekwisha, na mtaji umepungua dola 2. Mtu mmoja kati ya 10! Na kama ni wawili au watatu, safari inayofuata hana pesa ya kununua bidoni 10. Atanunua saba, halafu nne, halafu atafunga. Hakuna mwizi aliyekuja usiku. Walikuja wateja mchana, tena wakimwita "mama mpenzi katika Bwana".

Ndiyo maana Neno la Mungu ni kali hapa. Mithali 3:27-28 inatukataza kumwambia jirani aende na arudi kesho wakati pesa yake iko mkononi mwetu. Walawi 19:13 inasema mshahara wa mfanyakazi usilale kwetu mpaka asubuhi. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Sikia vizuri: tunaweza kuwa tunaimba ndani ya kanisa, na kaye ya mama inapiga kelele nje, na Mungu anasikia zote mbili.

Jambo la pili: tufuate safari ya pesa yetu.

Mwaka uliopita tulihitaji nguo za kwaya. Ndani ya kanisa tunao mafundi wa kushona. Wengine ni vijana tuliowaombea siku walipomaliza kujifunza. Lakini tuliagiza nguo zilizoshonwa tayari, zikapitia Kasindi. Tuliona ni rahisi zaidi. Fundi mmoja alitusaidia kuzibeba kutoka kwenye gari. Alibeba kazi ambayo ingekuwa yake, akacheka nasi, akaenda.

Kama tungemlipa fundi yule, pesa ingefanya nini? Angenunua maharagi kwa mama wa sokoni. Mama angelipa ada ya mtoto shuleni. Mwalimu angenunua makala na sabuni katika mtaa. Na wote hao Jumapili wangeleta fungu la kumi. Pesa ile ile ingelisha nyumba nne kabla ya kutoka mjini. Lakini sisi tuliivusha mpaka kwa siku moja.

Hatusemi kwamba biashara ya mpaka ni dhambi. Wengi wetu tunakula kwa sababu ya Kasindi, na Biblia inatuamuru kumpenda mgeni. Kuna vitu ambavyo hatuvitengenezi hapa, na ni lazima vitoke mbali. Tunasema tu kwamba kile ambacho jirani yako anaweza kutengeneza, mwulize yeye kwanza.

Tena nchi yetu si maskini wa vitu. Kakao ya Beni inajulikana, lakini kwa miaka mingi mbegu zimetoka huku zikiwa zimekaushwa tu, zikapita Uganda, na faida kubwa ikabaki kwa wengine. Angalieni Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa umeme wa maji ulianza pale, pembeni ya Mbuga ya Virunga. Umeme ulipofika, kiwanda cha sabuni kilifuata, kinachotumia mafuta ya mawese ya wakulima wa huku. Na kakao yetu pia imeanza kutengenezwa chokoleti huku huku. Mafuta yale yale ambayo mama mjane anauza kwa chupa, yakipata umeme na kazi ya mikono, yanakuwa sabuni na mshahara wa vijana. Hata serikali imeliona jambo hili: sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi ambazo kampuni kubwa zinawapa wengine wazifanye ziende kwa kampuni za Wakongomani. Kama sheria ya nchi inataka hivyo, kanisa linasema nini kuhusu nguo za kwaya yake?

Jambo la tatu: ninyi mnaouza na kutengeneza, Neno linawahusu pia.

Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inakataza kuwa na vipimo viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Mama, ukitia maji ndani ya mafuta, usishangae mteja akienda pengine. Fundi, ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa. Usichukue avansi ya watu watano kwa kitambaa cha mmoja. Seremala, usifiche mbao mbichi chini ya rangi. Baadhi ya wandugu wanakimbilia vitu vya mbali kwa sababu sisi wenyewe tuliwachosha kwa uongo. Paulo alishona hema pamoja na Akila na Prisila, tunasoma katika Matendo 18:3. Tunaamini kwamba hema za mtume hazikuvuja!

Sasa tufanye nini? Imani bila matendo imekufa. Tunawaomba mambo manne.

Moja: wiki hii, kabla ya Jumapili, nenda ukalipe. Usipite mlango wa pili ukikwepa kibanda cha ndugu yako. Kama huna zote, peleka sehemu, na useme siku ya kumaliza. Aibu ya kwenda ni ndogo kuliko aibu ya kukwepa. Na kama ulikuja na sadaka leo, na deni la mjane liko mfukoni mwako, anza na deni.

Mbili: viongozi wa makanisa, kabla ya kuagiza viti, nguo, madirisha au chakula cha semina, simameni mbele ya kanisa na mwulize, "Ni nani kati yetu anafanya kazi hii?" Andikeni orodha ya mafundi na wauzaji wa kanisa. Mkimpa kazi, mpeni avansi ya kununulia vitu, na mlipeni siku anapomaliza. Msimwambie kwamba ni kazi ya Mungu, ashone bure. Watoto wake nao ni watoto wa Mungu, na wanakula kila siku.

Tatu: anayehitaji mtaji asikimbilie mkopo wa kumnyonga. MUSO na AVEC ziko katika mitaa yetu. Katika MUSO, watu wanachanga kila mara: sanduku la kijani linakopesha wanachama, na sanduku jekundu linasaidia wakati wa ugonjwa na msiba. Katika AVEC, wanachama wananunua hisa, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwisho wa mwaka wanagawana faida. Ni pesa ndogo ya watu wanaojuana. Lakini inadumu pale tu watu wanaporudisha walichokopa. Mkristo awe wa kwanza kurudisha.

Nne: ukimwombea ndugu biashara yake, nunua kitu kabla ya kuondoka. Kipimo kimoja cha unga, chupa moja ya mafuta, kipande cha sabuni. Lipa pesa taslimu, halafu sema Amina.

Mtauliza, na mama yule? Baada ya kusoma kaye ile tuliomba toba, sisi viongozi kwanza, mbele ya kanisa lote. Wengi walilipa. Wengine walihama mji, na madeni yao bado yameandikwa. Kibanda hakijafunguliwa tena, kwa sababu mtaji ukivunjika haurudi kwa siku moja. Lakini ameweka meza mbele ya nyumba, na juu yake chupa za mafuta, kama alivyoanza. Ana karatasi moja aliyoibandika ukutani: "Deni hakuna, hata kwa pasta." Hatumlaumu. Sisi ndio tuliomfundisha kuandika maneno hayo, na tunataka siku moja tumpe sababu ya kuyaondoa.

Tuombe. Baba, wewe unajaza vyombo vyetu. Tusamehe sisi tuliochukua mafuta ya mjane bila kulipa. Tupe mikono ya haki, kwa anayeuza na kwa anayenunua. Linda wakulima wetu mashambani, rudisha amani Beni na Lubero, ili waliokimbia warudi wakalime. Bariki mafundi wetu, mama zetu wa sokoni na vijana wetu. Na utakapopita katika miji yetu, usisikie kilio cha kaye hata moja. Katika jina la Yesu. Amina.