Mlango Umefungwa, Mafuta Yanamiminika

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Nawasalimu ninyi mnaotusikiliza kwa redio, na ninyi mtakaosoma karatasi hii kisha kumpa jirani. Nawasalimu hasa ninyi ambao juma hili hamkutoka nyumbani.

Huku kwetu mashariki ya Kongo tunajua kukaa nyumbani. Siku moja mji umekufa, maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti. Siku nyingine risasi zimelia usiku na hakuna anayethubutu kufungua mlango. Mwezi wa saba na wa nane watoto wako likizo. Na kuna papa ambaye kazi yake imekwisha, anaamka asubuhi, anavaa viatu, halafu hajui aende wapi. Ukimuuliza mtu habari, anajibu, "Mchungaji, tumekaa tu bure." Leo nataka tupigane na neno hilo moja: bure.

Tumtazame mama mjane. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, lakini alikufa akaacha deni. Mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza mama ana kitu gani nyumbani. Mama anasema hana kitu, ila chupa ya mafuta. Anaambiwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, tena si vichache, kisha aingie ndani na wanawe, afunge mlango, amimine.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, muujiza huu haukufanyika sokoni wala kwenye mkutano mkubwa wa injili. Ulifanyika nyuma ya mlango uliofungwa. Pili, mtumishi wa Mungu hakuwa chumbani. Nabii hakuwepo! Walikuwa mama, watoto wawili, chupa moja, na Mungu.

Mimi ninayewahubiri nilijifunza somo hili kwa aibu. Mnakumbuka Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilifunga masomo na makanisa yote nchini. Mpaka Agosti hatukukusanyika. Miaka mingi nilikuwa natoka nyumbani asubuhi na kurudi usiku, kwa kazi ya Bwana. Sasa nikawa nyumbani mchana na usiku, nikidhani nitakuwa baraka. Juma la kwanza nilikuwa mzigo. Nilimwamuru mama watoto hata namna ya kuwasha makala. Nilikuwa mgeni katika nyumba yangu.

Jioni moja niliita watoto kwa maombi. Nikampa kijana wetu wa tatu Biblia asome Zaburi ya 23. Alikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Akasoma vizuri bila kukosea, nikasema amina. Dada yake akacheka: "Papa, amefungua ukurasa mwingine!" Ni kweli. Alikuwa anaisema kwa kichwa, kama alivyoishika katika masomo ya Jumapili. Nikampa zaburi nyingine. Kimya. Mtoto wa mchungaji hakujua kusoma, na baba yake hakujua kwamba hajui.

Mkono wangu ulinyanyuka. Mama watoto akasema polepole, "Papa, unataka kumpiga nani? Miaka yote hii tunaishi naye sisi." Wapendwa, mkono ulishuka wenyewe.

Kesho yake tulichukua ubao wa zamani na kipande cha makala. Dada yake akawa mwalimu, mimi nikawa msaidizi wa mwalimu. Ba, be, bi, bo, bu. Silabi tano kwa siku, hatukuzidisha. Akichoka, tunaacha. Kanisa lilipofunguliwa, mtoto yule alisimama mbele ya watu akasoma Zaburi ya kwanza, mistari yote sita, pole pole, kidole kikifuata maneno. Hakuna mahubiri yangu ya mwaka ule yaliyonipa furaha kama ile. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini mafuta yalimiminika.

Basi, nyumba ifanye nini wakati mlango umefungwa?

Kwanza, tafuta chupa yako. Mama yule alianza kwa kusema hana kitu. Sisi pia ndivyo tunavyosema. Lakini angalia vizuri. Kuna dada anayejua kushona, na wadogo zake hawajui. Kuna kijana aliyemaliza masomo, na watoto wa parseli nzima wanashindwa hesabu. Kuna gunia tupu. Lijaze udongo uliochanganywa na mbolea ya mifugo, weka mawe katikati toka chini mpaka juu ili maji yashuke vizuri, toboa matundu pembeni, panda lengalenga. Baada ya majuma matatu au manne unaanza kuchuma, na gunia halihitaji shamba. Kuna mama wanaotengeneza sabuni kwa mawese na soda. Ukitaka kujifunza, jifunze kwa anayejua, weka watoto mbali, na kumbuka: soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, maji hayamwagwi juu ya soda, maana itaruka na kuunguza macho.

Pili, watoto washike vyombo. Biblia inaonyesha mama akimimina na wanawe wakimletea vyombo. Walikuwa wavulana! Kwetu msichana anabeba bidoni ya maji, anaosha sahani, anapika bugali, na kaka yake amelala na simu. Siku za kukaa nyumbani ni siku za kurekebisha hilo. Kijana ajue kupika sombe. Papa, na wewe shika kisu ukate vitunguu. Hutapungua uzito mbele ya Mungu.

Tatu, furahini. Wengine wanafikiri nyumba ya kiroho ni nyumba isiyocheka. Mtu mmoja aliniuliza, "Mchungaji, kucheza dam kwa vifuniko vya chupa ni dhambi?" Nilimjibu: ukiweka pesa, umeingia katika kamari. Ukicheza na mtoto wako, hiyo ni malezi. Jioni umeme ukikatika, usilalamike. Tega vitendawili. Mwombe babu aeleze mlivyotoka kijijini, na majina ya mababu mpaka anapokumbuka. Siku babu atakapoondoka, kitabu hicho hamtakinunua mahali popote. Imbeni kwa sauti nne, hata kama ya besi ni ya mtoto. Mtoto anayepata kicheko nyumbani hakitafuti penye pombe.

Nne, usifunge mlango kabla ya kuazima vyombo. Mama alipita kwanza kwa majirani. Nyumba inayojifungia na kusahau jirani haina vyombo vya kutosha, na mafuta yalikoma vyombo vilipokoma. Najua wengine wenu mna wageni waliokimbia vita, chumba kimoja watu kumi. Kwenu mlango haufungiki hata kidogo. Msidhani somo hili si lenu. Mgeni naye ana mikono, ana kazi anayoijua, ana wimbo. Mpe nafasi ya kumimina, asikae kama mzigo. Paulo alikaa Roma miaka miwili mizima katika nyumba ya kupanga, akiwa mfungwa, na nyumba ile ikawa mahali pa kuhubiri kwa wote waliomjia.

Tano, mafuta yakipatikana, lipa deni. Mama aliambiwa auze, alipe, kisha wao waishi kwa kilichobaki. Hakuanza na kitambaa kipya. Ukiuza lengalenga au sabuni, anza na daftari la dukani. Shahidi wa Yesu asikwepe njia ya muuza duka.

Nisikilizeni vizuri. Sisemi kufungiwa ni kuzuri. Vita si kuzuri, njaa si kuzuri, na tutaendelea kumlilia Mungu alete amani. Wala sisemi nyumba ichukue nafasi ya ibada. Kanisa likifunguliwa, njooni! Ninasema hivi: mdai alikuwa anakuja kuchukua watoto. Leo pia kuna wanaowataka watoto wetu: mtaa, bangi, makundi ya silaha, wanaume wanaodanganya wasichana wetu kwa simu. Siku hizi unazoita bure ndizo siku ambazo watoto wako wanaokolewa au wanachukuliwa. Usizilale.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Usiku wa leo, kaeni pamoja, kila mtu aseme kitu kimoja anachojua ambacho wengine hawajui. Mtoto mdogo aanze. Halafu chagueni kimoja, mfundishane siku saba. Na wewe mzazi, mpe mtoto wako Biblia asome. Usichague zaburi anayoijua.

Tuombe. Baba, unaiona nyumba hii na mlango wake. Wengine wamefunga kwa hofu, wengine kwa kukosa kazi, wengine kwa ugonjwa. Ingia hata hivyo. Utusamehe sisi wazazi tulio wageni kwa watoto wetu. Bariki chupa ndogo iliyobaki, na watoto wetu wasichukuliwe. Katika jina la Yesu, Amina.