Kuamsha Hamu ya Lugha za Kigeni kwa Wanafunzi: Mfano wa Malindi



Ukipita ufuoni Malindi, pwani ya Kenya, msimu wa watalii, utamkuta kijana anauza vinyago na kumtania mteja kwa Kiitaliano: anapandisha bei, anaishusha, anauliza hali ya watoto, anacheka. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kiitaliano hakimo katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Vilivyomo ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, navyo ndivyo sisi walimu tunavyolalamika kila muhula kwamba watoto wanavikimbia.

Waitaliano si wageni wa jana Malindi. Miaka ya 1960 nchi yao ilijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini, karibu na Ngomeni, na Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo. Baadaye zikaja hoteli, nyumba za likizo na mikahawa ya piza, na lugha yao ikaingia mitaani.

Hoja yangu ni kwamba mtoto hapati hamu ya lugha kwa kuambiwa itampa kazi akiwa mkubwa. Anaipata akiwa na mtu wa kuzungumza naye leo, na akiwa na jambo la kumwambia.

Sisemi tuwapeleke watoto ufuoni. Lugha ya kule mara nyingi huishia kwenye bei, na anayeijua kwa masikio tu hawezi kusoma mkataba wa ajira anaowekewa mbele. Tena wapo watoto wanaoacha shule wakauze bangili kwa watalii, na wapo watu wazima wanaowanyemelea huko. Hilo tulikemee bila kumung'unya maneno. Lakini tukubali kwamba ufuo una kitu ambacho madarasa yetu mengi hayana: anayesikiliza na kujibu.

Darasani mwanafunzi anakariri vitenzi vya Kifaransa muhula mzima kutoka kitabu chenye picha ya kituo cha treni cha Paris. Muulize kwa Kifaransa bibi yake anavyopika samaki wa kupaka: anakodoa macho. Hajui kusema kukuna nazi, kukamua tui, wala kumgeuza samaki juu ya makaa. Maneno hayo ndiyo angeyataka, kwa sababu ndiyo ya kwao.

Kwa hiyo tuanze na magofu ya mji wa kale wa Gede, mwendo mfupi tu kutoka Malindi. Katika magofu yale wachimbuaji walipata vyungu vya kaure kutoka China, shanga za Venice, taa ya chuma kutoka India na mkasi wa Hispania. Mpeleke mwanafunzi pale, achague kitu kimoja, ajiulize nani alikileta na alikula nini njiani, kisha aandike sentensi tano kwa lugha anayosoma. Sentensi zikiwa na makosa, mwalimu ayaache hadi kesho. Mwanafunzi atagundua mwenyewe kwamba babu zake waliishi na walimwengu kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498, na kwamba kujifunza lugha ya mtu si kujidunisha mbele yake. Kuna wazazi wanaohofia hivyo, na hofu yao ina historia, tusiicheke.

Pili, tuwaalike wazungumzaji wa lugha hizi waje shuleni, kwa idhini ya mkuu wa shule na mwalimu akiwepo muda wote. Mgeni asije kuhutubia. Watoto ndio wamfundishe: kusuka ukili, kucheza bao, kupika mahamri, huku wakimweleza kwa lugha yake. Akikwama wao wanacheka, wakikwama wao anacheka yeye, na woga unaisha. Gharama yake ni unga na mafuta.

Mitihani itabaki, na vitenzi lazima vinyambuliwe. Ila vije baada ya mtoto kuvihitaji. Naomba tusitawanyike leo kabla kila shule haijaandika jina la mwalimu atakayepanga ziara ya Gede muhula ujao.