NANI ANAANGALIA NDEGE?

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi mbele ya wafanya kazi wa zamu, Mukuru kwa Njenga)



Twajua wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala.

Hapa kwetu ngurumo za ndege za Embakasi tumezizoea hata hatuinui kichwa. Leo tuinue kidogo, maana wanaoziendesha ni wafanya kazi wa zamu kama sisi.

Usiku wa tarehe 29 Desemba, 1972, ndege ya Eastern Air Lines ilikuwa karibu kutua Miami, Marekani. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Wakapanda tena mpaka futi 2,000, wakauachia mtambo uongoze ndege, kisha wote wakaishughulikia taa. Huyu anaichomoa, yule anashauri, mwingine kateremka chini kuchungulia gurudumu. Mtambo ukaacha kushika kimo, ndege ikashuka polepole. Kengele ikalia, hakuna aliyeijali. Ndege ikaanguka katika kinamasi, na katika watu 176 wakafa 101. Gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Balbu tu ndizo zilizoungua!

Na sisi tumeonja msiba wa namna hiyo. Tarehe 30 Januari, 2000, ndege ya Kenya Airways, safari KQ431, iliruka usiku kutoka Abidjan kuelekea baharini. Mara ikalia alama ya hatari, kwamba ndege inapoteza nguvu ya kupaa. Alama ile ilikuwa ya uwongo. Msaidizi wa rubani, aliyeshika usukani, akaielekeza ndege chini, akaagiza king'ora kinyamazishwe. Nahodha alipoamuru wapande, bahari ilikwisha kuwa karibu mno. Walikuwamo watu 179, wakapona 10.

Hatuwasemi wale marehemu vibaya. Kelele ile, giza lile, na muda haukutimia hata dakika moja. Nani kati yetu angefanya vizuri zaidi?

Lakini angalieni walivyofanya watu wa ndege baada ya misiba kama hii. Hawakutosheka kuwaambia marubani wawe waangalifu. Waligawa kazi upya: kitu kikiharibika, mmoja ashike ndege wala asiiache, mwingine ashughulike na ubovu. Tena wakafundishwa kwamba mdogo aweza kumwambia mkubwa, "Bwana, tunashuka."

Sasa tuje kwetu. Katika kiwanda kimoja, hatukitaji, mashine ya kufunga mizigo ilikwama saa nane ya usiku. Msimamizi akawaita wote waje kuinyanyua, hata mtu wa boila. Boila ikabaki peke yake mpaka mlinzi aliposikia mvuke unavuma, akapiga kelele. Hakuna aliyeumia. Asubuhi mtu wa boila akapewa barua ya onyo kwa kuacha kazi yake, naye aliiacha kwa amri!

Jumatatu tutaonana na wenye kiwanda. Tutadai barua ile ifutwe, na iandikwe katika mapatano kwamba mtu wa boila haondolewi kwenye boila kwa sababu ya ubovu wa mashine nyingine. Watasema hakuna watu wa kutosha zamu ya usiku. Basi waongeze watu.

Waliokuwa zamu usiku ule, tafadhali muoneni katibu kabla ya kutoka. Atawaandika majina pale mlangoni.