Programu huru za kompyuta na amana ya kumbukumbu za umma

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuwahi kuhudhuria.)





Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu ni kompyuta. Humo tunaandika vizazi na vifo, mishahara, matokeo ya mitihani ya watoto wetu na haki za wastaafu. Kumbukumbu hizo si mali ya mtumishi wala ya afisi. Ni amana ya wananchi. Mzee aliyetoka Micheweni au Makunduchi kufuata cheti chake hatouliza kama kimeliwa na mchwa au na virusi vya kompyuta. Atakalolijua ni kwamba cheti hakipo, na haki yake imesimama.

Aghalabu hasara hiyo huanzia kwenye jambo dogo. Mtu anahitaji programu ya kuandikia barua, bei ya leseni inamshinda, basi huchukua nakala isiyo halali kutoka kwa rafiki. Nakala ya namna hiyo huweza kubeba virusi ndani yake, na mara nyingi haipokei marekebisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji. Rahisi huvunja upishi.

Athari ya kukosa marekebisho hayo ilidhihirika mwezi wa Mei 2017, pale virusi vilivyoitwa WannaCry vilipoenea katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga mafaili na kudai fidia ya dola 300 au zaidi kwa kila kompyuta. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha toa marekebisho ya kuziba ufa huo tangu mwezi wa Machi mwaka huo huo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuyaweka.

Ndugu zangu, njia ya halali ipo, nayo haina gharama ya leseni. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumpa mwenziwe. Waingereza hupata taabu hapa, kwa sababu neno lao moja hubeba maana mbili. Sisi tunayo maneno mawili, huru na bure. Programu ya bure yaweza kuwa haina bei lakini imefungwa, hujui ndani yake mna nini. Programu huru imefunguliwa, wataalamu wa dunia nzima wanaweza kuikagua. Nitakazozitaja leo zina sifa zote mbili.

Kwanza, kwa kazi za afisi, ipo LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice. Huandika barua, hufanya hesabu za majedwali, hutayarisha maelezo ya mikutano, na hufungua nyaraka zilizoandikwa kwa Word na Excel, ingawa mpangilio wa nyaraka nyingine huweza kubadilika kidogo. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi iliyozungumza Kiswahili.

Pili, kwa maneno ya siri, ipo KeePassXC. Wengi wetu hutumia neno moja kwa kila kitu, au huliandika kwenye karatasi na kulibandika mezani. Programu hii huyaweka maneno yote ndani ya faili moja lililofungwa kwa ufunguo mkuu, na hukutungia maneno magumu usiyolazimika kuyahifadhi. Lakini ufunguo mkuu huo ukiusahau, hapana fundi atakayekufungulia.

Tatu, ipo 7-Zip. Hii hupunguza ukubwa wa mafaili, na huweza kuyafunga kwa neno la siri kabla ya kuyatuma. Orodha ya mishahara isisafiri wazi ndani ya flashi. Neno la siri nalo lipelekwe kwa njia nyingine, kwa mdomo au kwa simu.

Nne, kwa kompyuta za zamani. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Skuli au jumuiya isiyo na uwezo wa kununua mashine mpya yaweza kufikiria Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Baadhi ya aina zake hufanya kazi vizuri kwenye mashine kongwe.

Hata hivyo, natoa tahadhari mbili. Programu hizi zichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe tu, kwani matapeli huweka za bandia zenye jina na sura ile ile. Na mtumishi asiweke programu yoyote katika kompyuta ya Serikali bila ya kumshauri afisa wa kompyuta wa afisi yake.

Mwisho, hapana programu inayokidhi haja ya nakala za akiba. Kanuni ya wataalamu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwekwe mbali. Sisi watu wa visiwani tunaijua maana yake. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kwa miezi mitatu. Tena hewa yetu ya chumvi haivihurumii vyombo. Afisi ya Chake Chake ikiweka nakala yake moja Unguja, na ya Unguja ikaweka yake Pemba, msiba wa upande mmoja hautofuta kumbukumbu za wananchi. Na kila baada ya muda nakala hizo zifunguliwe kuhakikisha kwamba zinasomeka.

Ndugu zangu, kwa kazi hizi za kila siku, ukosefu wa fedha za leseni si udhuru tena. Kilichobaki ni uangalifu, na uangalifu hauna bei. Tuilinde amana tuliyokabidhiwa.