Mtoto Mchanga Alale Chali

Kuanzia Mbagala, Temeke, hadi Tandale, Kinondoni, wapo wazazi wanaomlaza mtoto mchanga kifudifudi wakihofia atapaliwa akicheua. Hofu hiyo ni ya upendo, lakini maumbile yanaikanusha: mtoto akilala chali, njia ya hewa hukaa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hayaingii kirahisi mapafuni. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Mtu atasema hali ni ngumu: chumba ni kimoja, kitanda kimoja. Ni kweli, ila kumlaza chali hakudai hata shilingi. Mito na mablanketi mazito yakae mbali naye, chandarua kichomekwe vizuri, na kifudifudi kiwe cha kuchezea akiwa macho, mkubwa akimtazama.