Printa Ikigoma Baada ya Kompyuta Kujisasisha

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Njukini)

Nimeombwa nizungumze juu ya printa, na najua wengine mnajiuliza, printa na migomba wapi na wapi? Zinahusiana. Tangu sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kikundi kinaulizwa katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa mkutano. Fomu za mkopo nazo ni vivyo hivyo. Karatasi zisipotoka, kazi inasimama.

Kuna kikundi cha akina mama hapa kwetu kilichokuwa kimebakiwa na siku nne za kurudisha fomu za mkopo. Jumatatu printa ilichapa vizuri. Usiku kompyuta iliachwa ikiwaka, ikajisasisha yenyewe, maana yake ikachukua marekebisho ya programu kutoka kwa watengenezaji kupitia intaneti. Jumanne asubuhi, kimya. Stima ipo, wino upo, karatasi ipo, lakini hakuna kinachotoka. Fundi akaitwa. Hakufungua hata kifuniko, akasema, "Mama, hii imekufa, nunueni nyingine." Wakaanza kuhesabu pesa za mfuko wa kukopeshana.

Sasa hebu tusimame hapo kidogo. Mgonjwa ni nani, printa au kompyuta? Msitoe hata shilingi kabla ya kujibu swali hilo. Printa yao ni ya zile zinazotoa fotokopi pia. Tulichomoa waya unaoiunganisha na kompyuta, tukaweka kitambulisho juu ya kioo, tukabonyeza kopi. Ikatoa safi kabisa. Basi printa ilikuwa nzima. Wangenunua mpya, wangeichomeka kwenye kompyuta ile ile, na shida ingekuwa pale pale. Kama yenu haitoi kopi, nyingi zina njia ya kuchapa karatasi ya majaribio zenyewe kwa kubonyeza vitufe vyake. Kijitabu kilichokuja nayo kinaonyesha. Msikitupe kijitabu hicho.

Tukageukia kompyuta. Kwanza tulizima vyote viwili, tukasubiri dakika moja, tukawasha printa, halafu kompyuta. Hii peke yake huponya wengi, nanyi msiidharau. Haikutosha. Tukafungua orodha ya kazi zinazosubiri kuchapwa, tukakuta fomu ile ile imetumwa mara kumi na moja! Mtu akiona haitoki anabonyeza tena, na tena. Kazi ya kwanza ikikwama, zote zilizo nyuma yake zinakwama, kama foleni ya maji bomba. Tukazifuta zote.

Ndipo tukaona kisa chenyewe. Katika orodha ya printa, jina la printa yao lilikuwa limeandikwa mara mbili. La zamani lilikuwa na neno "Offline", yaani kompyuta haiioni. La pili lilikuwa na maneno "Copy 1" mwishoni. Baada ya sasisho kompyuta iliitambua printa kama mgeni, ikaisajili upya, lakini barua bado zilikuwa zinapelekwa kwenye anwani ya zamani. Ilitubidi kuchagua jina jipya na kulifanya liwe la kawaida. Wengine hukuta kompyuta imechagua "Print to PDF". Hiyo si printa, inatengeneza faili tu, na mtu anaweza kukaa hapo mpaka jioni akingoja karatasi.

Lakini siku yetu nzima ya Jumanne haikupotelea kwenye printa. Ilipotelea kwenye neno la siri. Kompyuta ilitaka ruhusa ya msimamizi ili tuweke upya draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na printa. Neno la siri alikuwa nalo kijana mmoja aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulimpata saa tatu usiku. Jumatano kabla ya saa sita mchana fomu zilikuwa zimechapwa. Mimi nasema hivi: neno hilo liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, likae na mweka hazina pamoja na cheti cha usajili. Akaunti ya benki hamwezi kumwachia mtu mmoja, kwa nini kompyuta?

Msidhani ni sisi wa huku kijijini tu. Machi 2021 Microsoft ilitoa sasisho la Windows, na watu wa nchi nyingi wakawa wakibonyeza kuchapa, kompyuta inazima na kuonyesha kioo cha buluu. Walioumia zaidi ni wenye printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Marekebisho yalitoka ndani ya siku chache. Mwanzoni mwa 2025 sasisho jingine lilifanya baadhi ya printa za waya wa USB zitoe zenyewe karatasi zenye herufi zisizo na maana. Nadhani huku kwetu wangeitwa wazee! Hilo nalo lilirekebishwa Machi 2025.

Kwa hiyo, kama yote niliyosema yameshindikana, mnaweza kuondoa sasisho lenyewe. Fungueni "Settings", halafu "Windows Update", mtafute historia ya masasisho. Tazameni tarehe. Ikiwa inalingana na siku printa iliyogoma, kuna mahali pa kuliondoa, na mnaweza kusimamisha masasisho kwa wiki moja, marekebisho yatoke. Lakini msiyafunge moja kwa moja, kama wengine wanavyoshauri. Julai 2021 Microsoft ilibidi itoe sasisho la haraka kwa sababu wezi wa mitandaoni walikuwa na mwanya wa kuingia kwenye kompyuta kupitia sehemu ile ile inayoshughulikia uchapaji. Kompyuta yenye hesabu za kikundi haifai kuachwa na mlango wazi.

Akina mama wameniuliza pia kuhusu wino wa bei nafuu. Printa nayo ina programu yake ndani, na hiyo pia husasishwa. Septemba 2016 printa nyingi za HP aina ya OfficeJet zilianza kukataa katriji za makampuni mengine. Watu walilalamika sana, na mwezi huo huo kampuni ikaahidi sasisho la hiari la kuondoa kizuizi hicho. Katriji halisi za HP zilizojazwa wino tena, zenye chipu yake ya asili, hazikuguswa. Basi kama mnatumia wino wa kujaza, printa ikiuliza kama ijisasishe, ulizeni kwanza anayewauzia wino.

Na fomu ikiwa na tarehe ya mwisho, wekeni faili yake kwenye flashi siku hiyo hiyo mnayoimaliza, printa ikiwa nzima. Pale Taveta mtachapiwa kwa shilingi chache kwa kila karatasi.

Nikomee hapo. Walioleta kompyuta wazisogeze karibu na soketi, tuzitazame moja moja.